Ukurasa wa Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuita majina, nilikuwa nawasomea watoto wa darasa la pili ukurasa mmoja wa hadithi. Haikuwa kazi kubwa. Tulitandika mikeka miwili, watoto wakanawa mikono, wakakaa, na msichana mmoja aitwaye Zamoyoni akapewa heshima ya kufunua ukurasa. Zamoyoni alikuwa na miaka minane, na alifunua ukurasa kama mtu anayefunua sufuria la pilau: polepole, akinusa kwanza.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa shule nzima, nacho kilihusu mbuzi anayetafuta nyumba. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mwema huisoma hadithi peke yake kabla ya kuwasomea watoto. Nakiri sikufanya hivyo. Nilitaka kushangaa pamoja nao.

Asubuhi ile tulifika ukurasa wa kumi na nne. Mbuzi alikuwa amezunguka kijiji kizima na kufukuzwa kila mlango, na sasa ameiona nyumba moja ambayo mlango wake umerudishiwa tu. Nikasoma: "Mbuzi akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akausukuma mlango kwa pembe. Mlango ukafunguka. Akaingia, na mle ndani akamkuta..."

Pikipiki ikaingia uwanjani, ikapita juu ya bustani yetu ya mchicha, ikasimama mlangoni.

Aliyeshuka alivaa suti ya kijivu na filimbi shingoni. Mkononi alishika saa ya kupimia mbio, kama zile za walimu wa michezo.

"Naitwa Bwana Chilewa," akasema, "Afisa Kasi wa Kata. Kuanzia leo nchi inasoma kwa kasi. Dada, umetumia sekunde ngapi kwenye ukurasa huo?"

"Sijapima, afisa."

"Hajapima!" Akaandika. "Na hawa waliokaa chini wanafanya nini?"

"Wanasikiliza."

"Kusikiliza si kusoma. Hiki kitabu kina kurasa ngapi?"

"Thelathini na mbili."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari aliyeonyeshwa kidonda kilichofungwa kwa majani. Akakichukua mikononi mwangu kikiwa wazi vilevile, akakizungushia mpira kikae hivyo hivyo, ili ushahidi usivurugike, akasema kinakwenda kuwa kielelezo. Watoto arobaini na saba wakanitazama. Nilitaka kusema, "Tuachie angalau tumalize sentensi."

Nikasema, "Sawa, afisa."

Naomba msomaji anivumilie. Mimi ni mtu wa "sawa". Mama yangu husema hata nikikanyagwa sokoni, mimi ndiye ninayeomba radhi.

*

Nieleze kidogo hii kasi ilitoka wapi, kwa faida ya wasioishi nchini kwetu. Jina la nchi nimeshauriwa nisilitaje, na kwa kuwa aliyenishauri anapafahamu nyumbani kwetu, nimeupokea ushauri.

Wataalamu walikuja kutoka mbali, wakagundua kwamba mtoto wetu wa darasa la pili anasoma maneno thelathini na moja kwa dakika, na mtoto wa nchi jirani arobaini na tano. Wataalamu hao waliandika na mambo mengine: kwamba watoto wasomewe hadithi kila siku, wawe na vitabu vya kutosha, warudierudie kusoma wanachokipenda mpaka ulimi ulainike, na waulizwe walichoelewa. Lakini hayo yalikuwa nyuma ya karatasi, na ripoti ilifika bungeni Ijumaa mchana.

Aibu ilikuwa kubwa. Mbunge mmoja alilia. Mwingine akakumbusha kwamba hao hao jirani ndio waliotufunga mabao manne. Kabla ya jua kuzama ikapitishwa Sheria ya Mwendo wa Kusoma: kila mtoto wa darasa la pili asome maneno tisini kwa dakika. Tisini ilichaguliwa kitaalamu, kwa kuwa ni mara mbili ya arobaini na tano.

Mama mmoja wa viti vya nyuma akasimama. "Mheshimiwa Spika, na kuelewa je?"

Kikao kikaahirishwa. Idara ya Mizani ikaandikiwa barua, nayo ikajibu kwa muhuri kwamba kuelewa hakupimwi kwa kilo, wala kwa lita, wala kwa mita, na kwamba serikali makini haishughuliki na kitu kisichopimika. Yule mama akatakiwa kufuta kauli yake. Akaifuta.

Ndipo ikazaliwa Wizara ya Kusoma na Mwendo, chini ya Mheshimiwa Dokta Kandidi Mahundwe, mtu msomi mwenye ndevu za kidevuni zilizochanwa vizuri na kuchongoka.

*

Kitabu changu cha mbuzi kiliondoka katani kikaenda wilayani, kikaenda mkoani, kikaenda wizarani. Katika utumishi wetu, afisa aliyeletewa kitu kikiwa wazi hakifunui wala hakifungi bila maelekezo. Hugonga muhuri pale panapoonekana na kukipeleka mbele. Kwa hiyo kilipomfikia Waziri kilikuwa na mihuri saba, yote kwenye ukurasa wa kumi na nne.

Ukurasa wenye mihuri saba hauwezi kuwa ukurasa wa kawaida. Waziri akautangazia umma kwamba, baada ya uchambuzi wa muda mrefu, jopo limeuteua kuwa Ukurasa wa Taifa. Watoto wote nchini watapimwa kwa ukurasa huo mmoja, ili pasiwe na upendeleo. Vikachapwa vitabu milioni nne vya jalada gumu, kila kimoja kikiwa na ukurasa wa kumi na nne upande wa mbele, na picha ya Mheshimiwa Waziri upande wa nyuma. Vitabu vingine vyote, kwa kosa la kuwa na kurasa nyingi, vikakusanywa na kuuzwa kwa kilo kama karatasi chakavu.

Nyaraka zikafuata. Waraka wa Sita ulipiga marufuku kupumua kwenye nukta. "Mtoto anaposimama kwenye nukta," uliandikwa, "taifa linasimama." Waraka wa Tisa ulituagiza walimu tuache kusoma kwa kubadilisha sauti, kwani sauti ya mbuzi na sauti ya mtu zinatumia muda tofauti na kuharibu takwimu.

Nilizisoma zote, nikasaini kwamba nimezisoma. Sawa.

*

Kufikia Juni kila mtoto alikuwa ameshika Ukurasa wa Taifa kichwani. Walioko sekondari waliujua. Walioko mgongoni mwa mama zao waliujua. Harusi moja kijijini kwetu, mshereheshaji aliwaomba maharusi wausome pamoja kama ishara ya umoja.

Bora kuliko wote shuleni kwetu alikuwa Festo, mtoto wa Mtendaji wa Kata. Aliumaliza kwa sekunde kumi na moja: "Mbuziakatazamakuliaakatazamakushoto" mpaka "akamkuta", bila pumzi hata moja, kisha akakaa chini akihema. Ijumaa moja Bwana Chilewa aligundua kwamba Festo amekishika kitabu kichwa chini miguu juu. Nilidhani sasa tumepona. Nilidhani ataelewa.

Alielewa. Jumatatu yake Wizara ilitoa taarifa kwamba watoto wa nchi hii sasa wanasoma hata kitabu kikiwa kimepinduka, jambo ambalo mataifa makubwa bado yanalifanyia utafiti. Kusoma kwa kupindua kukawa somo la ziada.

Mimi nami nilifanya utafiti wangu mdogo, ila mlango niliufunga kwanza. Siku hiyo Festo alikuja na viatu vipya vyekundu. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: FESTO ANA VIATU VIPYA. Nikasema, "Festo, baba, hebu tusomee hapo."

Festo akautazama ubao. Akavuta pumzi. "Mbuziakatazamakuliaakatazamakushoto," akasoma, mpaka mwisho.

Darasa zima likampigia makofi. Mtoto mmoja tu hakupiga. Zamoyoni aliutazama ubao, akainama kutazama miguu ya Festo, akasema taratibu, "Kweli. Na kimoja hakijafungwa kamba."

Ijumaa ile nilijaza fomu kama kawaida. Swali lilikuwa moja: *Je, watoto wote wa darasa lako wanasoma?* Kisanduku cha Ndiyo kilikuwepo. Cha Hapana hakikuchapwa, kwa ajili ya kubana matumizi ya wino. Nikaweka alama, nikatia saini.

*

Zamoyoni alikuwa na tatizo lake. Alipopewa Ukurasa wa Taifa, aliusoma. Macho yake yalitembea juu ya maneno, akasimama kwenye nukta, akamwachia mbuzi nafasi ya kutazama kulia, kisha nafasi ya kutazama kushoto. Alipofika "akamkuta", aliinua uso akamtazama Bwana Chilewa.

"Akamkuta nani?"

Saa ilikuwa inaendelea kuhesabu. Zamoyoni akasubiri jibu kwa adabu. Alipolikosa, akakigeuza kitabu upande wa nyuma, akaitazama picha, macho yakamtoka.

"Akamkuta Mheshimiwa?"

Bwana Chilewa akaikamata saa yake kama mtu aliyeshika kiti kisianguke. "Sekunde hamsini na mbili! Maneno ishirini na mawili kwa dakika! Dada Sikitu, huyu mtoto ana nini?"

"Anauliza, afisa."

"Nani kamruhusu?"

Kwa walio chini ya tisini, Wizara ilikuwa imejenga Kituo cha Ndimi Nzito, makao makuu ya mkoa, safari ya siku nzima. Watoto walilala huko miaka miwili. Waliamshwa saa kumi na moja alfajiri na kukariri ukurasa mpaka jioni, na ndugu waliruhusiwa kuwaona sikukuu za kitaifa tu. Shuleni kwetu wakaandikwa sita: Zamoyoni, na wenzake watano ambao aliwaambukiza kuuliza. Gari lingewachukua siku ya Sikukuu ya Kasi, mwezi wa kumi, isipokuwa atakayefika tisini kabla ya hapo.

Zamoyoni alilelewa na bibi yake, Bi Asumini, aliyeuza karanga langoni pa shule. Alikuja darasani na barua ya wito wa Kituo, ameikunja mara nne ndani ya kanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee tena hapa. Nilisomewa na mtendaji, lakini alisoma mbio sana, sikupata hata neno."

Nikamsomea polepole. Nilipomaliza akaikunja tena barua, akasema, "Mimi ninaye huyu tu, mwalimu. Mama yake niliwapa watu wa hospitali wakanirudishia blanketi. Huyu ndiye ananisomea majina ya dawa zangu. Sasa wanamchukua kwa sababu hajui kusoma?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikasema, "Tutaona, Bibi."

Siku hiyo nikamwita Zamoyoni pembeni, nikafanya jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. "Zamoyoni, mama, wewe shika tu maneno kichwani kama Festo. Sema haraka haraka, kaa chini. Usiulize."

"Na nikitaka kujua?"

"Utajua ukikua."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe si umeshakua? Alimkuta nani?"

Ningeweza kubuni jibu. Lakini Zamoyoni angetaka nimwonyeshe palipoandikwa.

*

Ni Bi Asumini aliyetuokoa, ingawa hakukusudia. Karanga zake alizifunga kwa karatasi alizonunua gulioni kwa kilo. Siku moja mwanafunzi alimaliza karanga, akaikunjua karatasi, akaniletea kwa mikono miwili. Ilikuwa na doa la mafuta na picha ya mbuzi amesimama mtoni.

"Mwalimu, si ndiye huyu?"

Ndiye. Ukurasa wa tisa. Vitabu vile vya nchi nzima vilivyouzwa kwa kilo vilikuwa vimerudi kijijini vikiwa vimebeba karanga.

Toka siku hiyo watoto wangu wakawa wala karanga wakubwa. Walikula mapumziko, wakakunjua, wakanyoosha karatasi kwenye mapaja. Kuna aliyepata sungura anayedai uenyekiti, kuna aliyepata jinsi ya kupanda mahindi kwa mstari, kuna aliyepata ukurasa wa hesabu akaubadilisha na mwenzake kwa shingo upande. Tulisoma mchana stoo, kati ya majembe na madawati mabovu. Nilisoma mimi kwanza, kidole kikitembea chini ya mstari. Wakasoma pamoja nami. Wakasoma wawili wawili, mmoja akiteleza mwenzake anamshika. Halafu tena, na tena, mpaka maneno yakaacha kuwa mawe ya kurukia yakawa maji.

Wengi walikwama njiani. Miezi mingi ya kukariri haitoki kirahisi. Festo alikuja mara mbili, akafungua kinywa juu ya sungura, akatoka mbuzi. Akaona aibu, hakurudi. Lakini wale sita walisonga. Zamoyoni ndiye aliyekuwa anakunja karatasi na bibi yake kila jioni, kwa hiyo alizisoma kabla hazijabeba karanga. Aliujua ukurasa wa tatu, wa tisa, wa ishirini, wa thelathini na mbili. Alijua kwamba mwisho mbuzi anapata nyumba.

"Lakini ya nani?" aliniuliza. "Wa kumi na tano haujatokea."

*

Sikukuu ya Kasi ilifika na mgeni rasmi hakuwa mwingine ila Mheshimiwa Waziri. Turubai zikafungwa. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Gari la Kituo likaegeshwa mapema chini ya mlingoti wa bendera, limeandikwa ubavuni: TUTAONANA.

Shule ilikuwa na kamati mbili za maandalizi. Kamati ya Takwimu, chini ya Bwana Chilewa, iliamua kwamba watoto sita wenye ndimi nzito wasionekane uwanjani, wasije wakashusha wastani. Wafungiwe stoo mpaka gari liondoke, na mimi nikae nao nihakikishe wako kimya. Kamati ya Majengo, chini ya Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Lutengano, ilikumbuka usiku wa kuamkia sherehe kwamba Waziri hawezi kuondoka mahali bila kuzindua kitu. Ikaipaka stoo rangi ya buluu, ikaandika MAKTABA juu ya mlango, ikafunga utepe. Kamati hizi hazikuwa zinasemezana kwa sababu ya jambo la soda za mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo tulikaa ndani ya maktaba bila kujua. Nje tulisikia watoto mia nne wakisoma Ukurasa wa Taifa kwa mkupuo mmoja, kama mvua ya mawe juu ya bati. Tulisikia Mtendaji akisema Festo wake amefika sekunde kumi. Kisha tukasikia hotuba ya Waziri, ambayo kwa mujibu wa sheria nayo ilisomwa kwa maneno tisini kwa dakika. Nilidaka "taifa", nikadaka "kasi", nikadaka "chai iko tayari".

Watoto walikuwa na vifurushi vyao magotini. Mdogo kuliko wote, Shomvi, aliuliza kama Kituoni kuna karanga.

Dirishani pakagongwa. Ulikuwa mkono wa Bi Asumini, umepenya kati ya nondo, umeshika karanga za njiani za mjukuu wake. "Kula, mama," akasema. Sauti yake haikuwa nzuri. "Kula, usilie mbele yao."

Zamoyoni akazimimina karanga kwenye sketi yake, akawagawia wenzake. Kisha, kwa mazoea, akaikunjua karatasi, akainyoosha pajani.

"Mwalimu," akasema. "Kumi na tano."

Tuliusoma kwanza kwa kunong'ona, kisha wote saba. Halafu Shomvi akataka kuwa mbuzi, tukausoma tena yeye akiwa mbuzi. Halafu kila mtu akataka kuwa mbuzi. Tulikuwa tumeurudia mara ya sita, na nilikuwa nimesahau kabisa gari, utepe ulipokatwa na mlango ukafunguka.

*

Mwanga uliingia kwanza, kisha ndevu za Mheshimiwa. Nyuma yake Bwana Lutengano, Bwana Chilewa, Mtendaji, mpiga picha, na uwanja mzima ukinyoosha shingo.

"Na hawa ni nani?" Waziri akauliza.

Bwana Chilewa akaanza kupekua orodha yake. Bwana Lutengano alikuwa mtu wa siku nyingi kazini. "Hawa, Mheshimiwa," akasema, jasho likimtoka, "ni wasomaji wa maktaba."

Siku nzima ile hapakuwa na mtu aliyesema kweli zaidi ya hapo, na aliisema kwa bahati mbaya.

"Safi sana! Wewe, binti, simama. Msomee mgeni wako."

Zamoyoni akasimama na karatasi yake yenye mafuta. Bwana Chilewa, kwa kuwa mkono umeshazoea, akabonyeza saa. Zamoyoni hakuitazama. Aliwatazama watu, ambao kwa miezi minane walikuwa wameishia "akamkuta", akawaonea huruma, akawaanzia walipoachwa.

"Na mle ndani akamkuta bibi mmoja akipepeta mchele." Akapumua. "Bibi hakupiga kelele. Hakuokota fimbo. Alimtazama mbuzi miguuni, akasema, 'Karibu, mgeni. Lakini kwanza pangusa hizo kwato.'"

Bibi alikuwa na sauti ya Bi Asumini. Nje mtu akacheka. Watu wakasogea karibu na mlango. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe alikuwa bibi!"

"Mbuzi akajibu, 'Samahani, Bibi, sina kitambaa.'" Zamoyoni akasubiri kidogo, kama anavyosubiri mtu anayejua kinachokuja. "Bibi akasema, 'Una ndevu.'"

Kicheko kilianzia kwa watoto kikapita chini ya turubai kama upepo. Mtendaji alicheka. Mpiga picha alicheka, picha ikaharibika. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wazima wakakumbuka wako mbele ya nani, wakainamisha macho, kwa sababu Mheshimiwa Waziri alikuwa amezishika ndevu zake bila kujijua.

Bwana Chilewa akaisimamisha saa yake. "Maneno thelathini na manane kwa dakika," akasema haraka. "Mheshimiwa, naomba radhi. Huyu si wa maktaba. Huyu ni mzito wa ulimi, yuko kwenye orodha. Gari lake lile pale."

Uso wa Waziri ukapata pa kujificha. "Ah! Basi sheria ni sheria," akasema. "Apelekwe akasaidiwe. Taifa halimwachi mtoto nyuma." Akageuka kwa mpiga picha.

Dereva akawasha gari. Bwana Chilewa akamshika Zamoyoni begani, akanipa fomu ya kumkabidhi, na kalamu. Bi Asumini alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono imebeba ungo mtupu. Hakulia. Alinitazama mimi. Zamoyoni aliikunja ile karatasi, akaiweka mkononi mwangu juu ya fomu.

"Itunze, Mwalimu. Darasa hawajaisikia."

Nikasema kitu.

Nilikisema chini ya pumzi, mbio, kama Festo. Bwana Chilewa akasema, "Sawa?" kwa kuwa alinizoea. Waziri akageuka. "Mwalimu anasemaje? Sijasikia."

Nilimrudishia afisa kalamu yake. Kisha nikarudia, polepole, kwa sauti ya kusomea darasa, nikipumua kwenye kila nukta.

"Haendi popote. Huyu anasoma. Wale mia nne wa nje hawasomi. Nimejua tangu mwezi wa sita. Na kila Ijumaa nimetia saini."